Mbuzi wa Wiki Moja

Jumapili, 14 Septemba

Pasta Siméon amepata wazo jipya, na wazo jipya la Pasta daima ni kazi mpya ya waumini. Kanisani kwetu, hapa Butembo, kila Januari mtu husimama mbele ya wote na kutaja jambo moja atakalolifanya kabla mwaka haujaisha. Tarehe 31 Desemba anasimama tena kueleza alipofikia. Mwaka jana karibu wote walisema, "Tumelala salama, tumeamka salama, Mungu asifiwe," wakaketi. Pasta amechoka na kulala salama. Leo ameagiza kila mmoja aanze kuandika mambo aliyoyapata na aliyojifunza, ili Desemba asijifiche nyuma ya Mungu.

Basi naandika. Mimi ni Jokébed, mama Bénie, mshonaji. Januari nilisimama nikasema, "Mwaka huu hautaisha kabla sijafungua atelier yangu." Wamama walipiga vigelegele. Sasa ni Septemba na mashini yangu bado iko barazani. Mvua ikija na upepo, naifunika kwa mgongo wangu mwenyewe. Lakini chumba cha kushonea kipo. Nimekijenga nyuma ya nyumba kwa kushona nguo za watu, tofali kwa tofali, na mlango umewekwa juzi. Kimebaki chokaa tu.

Jumanne, 16 Septemba

Mume wangu Éliakim amerudi kutoka Lubero na lori la maharagwe. Juu ya magunia walisimama mbuzi kumi na wawili, wananitazama kama wageni walioalikwa.

Ni mbuzi wa mahari. Gracien, mdogo wake Éliakim, anafundisha Beni, na huko amempata Christa, binti wa mzee Melchior wa Mulekera. Baba yao alishafariki, kwa hiyo Éliakim ndiye anayesimama kama baba. Siku hizi familia nyingi za Wanande hupokea franga na kuziita mbuzi, mambo yakaisha. Mzee Melchior hataki. Alisema kwenye simu, kwa sauti niliyoisikia nikiwa jikoni: "Mbuzi ya makaratasi hailie. Miye nataka mbuzi yenye kulia."

Basi wanalia.

"Ni semaine moja tu, mama Bénie," Éliakim ameniambia. "Nazitia mu chumba yako ya nyuma, sababu haina kitu."

"Haina kitu juu bado sijatia kitu."

"Njo nasema. Haina kitu. Samedi yenye inakuya zinaenda Beni."

Nilisimama nikatazama mlango wangu mpya ukifungwa kwa kamba ya magunia.

Alhamisi, 18 Septemba

Hawalali, kwa hiyo na sisi hatulali. Angalau Desemba sitamchosha Pasta na habari za kulala salama.

Jumamosi, 20 Septemba

Ville morte, mgomo wa mji mzima. Maduka yamefungwa, magari yamelala, barabara ya Beni imebaki ya mbwa. Éliakim amesema, "Tutaona wiki ijayo." Kama "tutaona" ingeuzwa sokoni, mume wangu angekuwa tajiri kuliko wote wa Butembo.

Jumamosi, 27 Septemba

Sasa niseme juu ya Mama Vagheni, mama mkwe wangu, maana bila yeye habari hizi zingekuwa fupi.

Miaka minne iliyopita alikimbia Mbau usiku mmoja, akaacha shamba la kakao, migomba na mbuzi wake, akafika kwetu na kikwembe alichojifunga. Tangu hapo amekaa kwenye kiti kimoja karibu na mlango wa jikoni, anasahihisha namna ninavyopika. Mbuzi walipofika alinyanyuka. Kiti kimekuwa kitupu wiki nzima. Anawakatia majani, anawapa majina, anawasemesha. Mimi nafagia mavi. Na kila asubuhi anafungua ile kamba ya mlango kabla sijaamka, mbuzi wanatoka, wanakula vitunguu vyangu, na nikiuliza nani ameifungua ananiangalia kana kwamba nimeuliza nani ameumba mwezi.

Leo Fuso ilikuwa langoni tangu asubuhi. Tulikuwa tumeshapakia mbuzi watano Mama alipoinua mkono.

"Musimame. Hii iko na mimba. Mbuzi ya mahari haivuke muto na mimba."

Barabara ya Beni ina madaraja yasiyo na idadi. Éliakim alikuna kichwa.

"Mama," nilisema, "hiyi mila nasikia leo."

"Ulikuwa ungali mutoto."

"Niko na miaka makumi ine na tatu."

"Njo nasema. Mutoto."

Fuso imeondoka tupu. Sijui kati ya mama na mwana nani alimfundisha mwenzake hilo neno, hilo "ndivyo nasemavyo" lao.

Jumanne, 30 Septemba

Mvua.

Jumapili, 5 Oktoba

Mbuzi mwenye ndevu, yule mkubwa, Mama amempa jina la Pasta. Nimekataza. Lakini katika lupango hili, uani kwetu, neno langu halina uzito wa neno la Koko, nyanya yao, na watoto wote wanamwita mbuzi hivyo.

Leo mchana Pasta Siméon amekuja kuona kama tunaandika. Amekaa vizuri sebuleni, kikombe cha chai mkononi, mara tukamsikia binti yangu Bénie nje: "Pasta, shuka juu ya mashini! Pasta, utakula bikwembe ya batu, hauna ata haya!"

Pasta Siméon aliweka kikombe chini, akasimama taratibu. Ilibidi nimweleze. Alitoka, akamtazama mwenzake ndevu kwa ndevu.

"Na atelier, mama Bénie?" aliniuliza. "Imefika wapi?"

Nikamwonyesha chumba. Alichungulia ndani, akarudi haraka kuliko alivyoingia.

"Mungu atafungua njia," alisema.

Mungu hana shida, nilitaka kumwambia. Shida ni familia ya Éliakim.

Jumatano, 8 Oktoba

Mvua. Sare ya Bénie inanuka mbuzi. Shuleni wamemhamishia dirishani.

Jumamosi, 25 Oktoba

Yule mwenye mimba amezaa mtoto mmoja mweupe, amesimama kabla mimi sijamaliza kupandisha mikono ya gauni. Nikafurahi, nikasema sasa hakuna mimba tena, waende.

"Mutoto ale majani kwanza," amesema Mama.

"Ni mila?"

"Ni mila."

Jumatatu, 3 Novemba

Mtoto anakula majani. Anakula na sabuni. Éliakim amempigia mzee Melchior kumwambia tuko tayari. Mzee amejibu kwamba hakuna mahari bila baba mdogo wa Christa, anayeitwa Maliro, kwa sababu ndiye atakayefungua mdomo kwa niaba ya ukoo siku hiyo. Maliro yuko Kyavinyonge, ziwani, na hawezi kupanda Beni mikono mitupu. Atakuja samaki wakipatikana.

Kwa hiyo sasa chumba changu kinangoja samaki.

Jumatatu, 10 Novemba

Mvua.

Jumatano, 12 Novemba

Mvua tena. Wamenipa kazi ya kushona blauzi nyeupe za Noeli za wamama wa kwaya. Nyeupe, barazani, Butembo, Novemba. Nimekubali kwa sababu ndiyo kazi kubwa niliyopata mwaka huu.

Ijumaa, 14 Novemba

Naandika na tope bado kwenye kucha.

Blauzi zilikuwa karibu kumalizika. Nilikuwa nimezikunja juu ya meza, nikafunika kwa nailoni, nikaweka mawe pembeni. Nilienda sokoni kutafuta vifungo. Nikiwa njiani kurudi mvua ilianguka, ile ya kuanguka mara moja, na upepo kutoka upande wa barabara. Nilikimbia. Nilipofika langoni, nailoni ilikuwa juu ya paa la jirani yetu Zorobabel, meza iko miguu juu, na blauzi zimetawanyika kwenye tope jekundu la lupango. Mbuzi wote walikuwa nje. Walikuwa wanapita juu ya blauzi kwenda jikoni kujikinga. Yule wa ndevu alikuwa na kola mdomoni.

Kamba ya mlango ilikuwa imefunguliwa tena.

Nilipiga kelele. Sikumbuki nilisema nini, ila Bénie aliingia ndani akajifungia. Nilimuuliza Mama usoni, na mvua inatupiga wote wawili: "Juu ya nini unafunguaka kamba? Kila siku, Mama. Kila siku. Nimekukosea nini?"

Alikuwa ameshika mtoto wa mbuzi ndani ya kikwembe chake, akaingia naye jikoni.

Éliakim aliporudi nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya baraza, na lile furushi la tope mapajani.

"Pole," alisema.

"Kama mashini ingekuwa mu chumba, hiyi haingefika."

"Ni kweli. Lakini ndiyo mambo ya mahari, mama Bénie, tutaona."

"Utaona nini? Miye njo naona. Weye uko Lubero na maharagwe."

Akaenda kuangalia kama maharagwe yake yamelowa. Hayakuwa yamelowa. Maharagwe yana chumba.

Nimelia. Niseme wazi, sikulilia blauzi peke yake. Nililia kwa sababu Januari niliposema lile neno kanisani nilijiona mtu mzima mwenye kitu, na miezi yote hii hakuna hata mmoja nyumbani aliyeniuliza kama nakihitaji chumba changu. Mbuzi wamekipata bila kuuliza.

Jumamosi, 15 Novemba

Nimetoka asubuhi nikakuta blauzi zote juu ya kamba ya nguo, nyeupe, zinanuka ndimu. Mikono ya Mama imevimba vidole. Sikumshukuru, kwa sababu hasira ilikuwa bado. Imebaki kola moja ya kushona upya.

Jumanne, 18 Novemba

Samaki bado.

Jumamosi, 22 Novemba

Leo niliamka mapema kuliko Mama, nimvizie kwenye kamba. Nimeona mambo ambayo sikuyataka.

Ukungu ulikuwa mzito, huoni hata lango. Mama alikuja na majani kichwani, akayatua, akafungua kamba. Halafu akasimama mlangoni akaanza kuita. Nilidhani anawaita mbuzi wetu, lakini majina hayakuwa ya wale. Yalikuwa majina ya Kinande ambayo sijawahi kuyasikia, moja baada ya jingine, kwa sauti ya mtu anayeita watoto waje kula.

"Mama," nilisema, "unaita nani?"

Hakushtuka. "Zangu," alisema. "Za Mbau."

Nikasogea karibu naye.

"Ile siku nalizifungia mbele ya kulala. Kiisha tukasikia risasi, tukakimbia. Sikufungua mulango." Aliokota jani moja lililoanguka, akaliweka juu ya mengine. "Ningefungua, zingekula ata majani ya njia. Zilikuwa na akili. Zingefika fasi, ata wapi."

Mbuzi walitupita wote kwenda kwenye vitunguu vyangu. Hakuna aliyewazuia.

Bado nakitaka chumba changu, na hilo nalo liandikwe. Lakini nimeitoa ile kamba nikaitupa, na asubuhi nzima nimejenga uzio wa mbao wa kukinga vitunguu.

Jumatano, 26 Novemba

Nilikuwa nikidhani Mama anabuni mila ili kuniudhi. Sasa nadhani anazibuni ili mbuzi wasiondoke. Inaniudhi vilevile, ila kwa namna nyingine.

Jumapili, 30 Novemba

Samaki wamepatikana. Maliro yuko njiani. Ni Jumamosi ijayo, na Éliakim ameapa. Mama amewapitia mbuzi mmoja mmoja kuanzia pembe hadi kwato. Nilingoja mila. Hakutoa mila yoyote.

Jumamosi, 6 Desemba

Mbuzi wamefika kwa mwenyewe. Naandika hapa Mulekera, kwenye nyumba ya mama mmoja wa kanisa, na mabuti yangu yako nje kwa amri yake.

Sikutakiwa kuja. Kupeleka mahari ni kazi ya wazee na makoti yao. Lakini Mama alisema yeye na mimi tupande Fuso, maana mbuzi wanajua sauti yetu, na Éliakim amejifunza kutobishana naye siku ya safari. Njiani tulipanga foleni nyuma ya gari la askari. Kwenye kizuizi askari mmoja alichungulia nyuma, akauliza kwa Kilingala nani mwenye mbuzi wote hawa:

"Ntaba oyo nyonso ya nani?"

"Ya libala, chef," alijibu dereva, yaani ya ndoa.

Askari alicheka akasema yeye mwenyewe amekwama katika mahari mwaka wa pili, tukapita.

Mbele ya lupango la mzee Melchior mbuzi walikataa kushuka. Éliakim na koti lake alivuta pembe, Gracien naye akavuta mguu, dereva akasukuma. Wazee wa Mulekera walikuwa wamepangwa kwenye viti vya plastiki, wanatazama. Nilivumilia kwa muda, kisha nikapanda na mabuti yangu, nikawaita kama ninavyowaita kila siku nikitaka kufagia. Walishuka wote, wakanifuata mstari mmoja mpaka katikati ya wazee, na mtoto mweupe nyuma.

Mzee Melchior ni mtu mrefu, mkavu, anayejua mila zote za Wanande na anayependa ijulikane kwamba anazijua. Alinitazama miguu.

"Mahari inaletwa na mwanamuke?"

"Kwetu," alisema Mama Vagheni kutoka nyuma yangu, "mbuzi inaletwa na mwenye alifagia."

Niligeuka nikamtazama. Hakupepesa jicho.

"Ah," alisema mzee Melchior. "Ile. Nalisahau ile."

Kisha akaanza kukagua. Alimkataa mmoja tu, yule wa ndevu, kwa sababu sikio lake liliraruliwa na mbwa kabla hajatoka Lubero. "Mbuzi ya mahari inafika muzima," alisema. Idadi ikapungua, na nyuso za wetu zikaanguka. Hapo Mama akamsukuma mtoto mweupe mbele kwa mguu. Mzee alimwinua, akamgeuza, akamtafuta kasoro, hakuiona. Idadi ikatimia.

Kwa hiyo kama tungekuja Septemba tungerudishwa. Mama hakuninong'oneza chochote. Alinitazama tu, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Maliro alifungua mdomo akaongea mpaka samaki wakapoa. Baadaye Christa alikuja kunisalimu jikoni. Ni msichana mwenye macho ya kucheka.

"Semeki," alisema, kama tunavyowaita shemeji, "pole na mbuzi zangu."

Ni mtu wa kwanza kunipa pole ya mbuzi tangu Septemba. Nimempenda hapohapo.

Jumapili, 7 Desemba

Tumerudi. Chumba ni kitupu. Yule wa ndevu tumerudi naye, kwa kuwa hakuna aliyemtaka, na amefungwa kwenye nguzo ya baraza. Mama amerudi kwenye kiti chake cha mlango wa jikoni.

Jumanne, 9 Desemba

Maji, sabuni, majivu. Maji, sabuni, majivu.

Jumamosi, 13 Desemba

Nimepaka chokaa mimi na Bénie, kuta nne, mara mbili. Harufu imepungua; imebaki ile ya kukukumbusha tu. Dirisha linaleta mwanga mzuri saa za asubuhi, mahali pale pale nilipofikiria kuweka mashini. Nimesimama ndani na brashi mkononi nikacheka peke yangu.

Wamama wa kwaya wamechukua blauzi zao. Hakuna aliyegundua kitu.

Alhamisi, 18 Desemba

Ninapaswa kuandika hili polepole, la sivyo nitatoboa karatasi.

Tulikuwa tunakula. Éliakim alisema, kama mtu anayeomba chumvi: "Gracien amepata shule huku Butembo. Arusi ni le 27. Batalala mu chumba ya nyuma."

Niliweka tonge la bundu chini.

"Ni mwezi moja tu," alisema. "Umeipaka chokaa muzuri sana, mama Bénie. Sasa ni chumba ya batu."

Yaani nimewapakia chokaa maarusi. Miezi mitatu nakisafisha nikidhani najifanyia mimi.

"Éliakim. Januari nalisema mbele ya kanisa."

"Utasema tena Januari yenye inakuya. Kanisa haikimbie."

Nilimtazama yule mtu. Si mbaya. Hajawahi kunipiga, hajawahi kulala nje, analipa shule. Ila haoni. Kitu cha kwangu kikiwa tupu ni chake, kikijaa ni cha ndugu zake, na anasema kwa upole kiasi kwamba ukikasirika wewe ndiye mkorofi. Na nitasemaje hapana? Mwanamke anayemkatalia bibi arusi mahali pa kulala atasemwa kutoka hapa mpaka Lubero. Christa hana kosa. Gracien nimemlea. Nimefungwa na watu ninaowapenda, na hiyo ndiyo kamba nisiyoweza kuitupa.

Mama alikuwa anakula kwenye kiti chake. Hata hakusahihisha chumvi.

Jumapili, 21 Desemba

Pasta Siméon ametangaza kwamba tarehe 31 ataanza na wale waliosema mambo makubwa Januari. Alinitazama. Nikatazama kitabu cha nyimbo.

Jumatano, 24 Desemba

Mvua.

Ijumaa, 26 Desemba

Nianze na asubuhi. Wageni wa Beni walifika kwa ajili ya arusi ya kesho: mzee Melchior, Maliro, Christa mwenyewe, na shangazi zake. Lupango lilijaa. Nilikuwa jikoni na masufuria. Karibu na saa sita kitanda kipya kilifika juu ya chukudu, baiskeli ya mbao, vijana wawili wanakisukuma na kukishikilia, na Éliakim mbele yao anafungua njia kama askari wa barabara.

Nilitoka jikoni kuangalia, kwa sababu mtu hutaka kuona mwisho wa kitu chake.

Mama Vagheni alikuwa amehamisha kiti. Nilichelewa kuelewa nilichokuwa naona, jinsi nilivyozoea kukiona mlango wa jikoni. Kiti kilikuwa katikati ya mlango wa chumba changu, na yeye juu yake, mikono mapajani.

"Mama, tupishe kidogo," alisema Éliakim. "Tuingize kitanda."

"Hapana."

"Mama, vijana banachoka."

"Batue chini. Bibi arusi halale penye mahari yake ililala."

Vijana wakatua kitanda. Éliakim alitazama watu, akacheka kidogo.

"Mama, hiyi mila..."

"Mbuzi za Christa zililala humu. Zikazala humu. Akilala humu, ni kusema baba yake alikula mbuzi, halafu akarudisha mutoto mu kibanda ya mbuzi." Alimgeukia mzee Melchior, kwa sauti ya heshima kabisa. "Njo desturi ya Mulekera, muzee? Miye sijue. Weye njo unajuaka mila."

Kila mtu alimtazama mzee Melchior. Niliona mambo yakipita usoni mwake moja baada ya jingine. Alikuwa mbele ya mkwe wake, mbele ya Maliro, mbele ya shangazi wote, na maisha yake yote hakuwahi kukubali kwamba kuna mila asiyoijua. Alikohoa.

"Ni kweli," alisema. "Ata kwetu iko. Ni ya zamani sana."

"Sana," alisema Maliro.

Christa alikuwa ameuma kona ya kitambaa chake, mabega yanatikisika.

"Bon," alisema Éliakim. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakuwa na "tutaona". "Mais batalala wapi? Na humu nani ataingia?"

"Kwa Zorobabel kuko vyumba mbili hazina batu," alisema Mama. "Humu ataingia mwenye alifagia." Kisha akashusha sauti, ila mimi nilikuwa karibu nikasikia. "Éliakim. Mbuzi hazikuomba, ukazifungulia. Huyu anaomba tangu Januari."

Kitanda kilipanda tena juu ya chukudu, kikaenda kwa Zorobabel, ambaye aliitwa kutoka usingizini kuambiwa kwamba ana wapangaji. Jioni, wageni wakiwa wanakula, mume wangu alienda barazani peke yake, akabeba mashini, ile ya chuma, nzito, akavuka nayo tope mpaka ndani ya chumba. Aliiweka mahali pabaya kabisa, upande usio na dirisha. Nitaisogeza mwenyewe.

Jumamosi, 27 Desemba

Arusi. Nimecheza mpaka kiatu kimekatika.

Jumatano, 31 Desemba

Éliakim aliitwa kabla yangu. Alisimama akasema, "Tumelala salama, tumeamka salama." Pasta Siméon alivua miwani. Éliakim akakohoa. "Ila tu Septemba mupaka Desemba," alisema. "Hapo bibi yangu hakulala. Ni juu yangu." Akaketi, shingo imelowa jasho, na watu wakacheka, na mimi nilitazama mbele kwa sababu macho yalikuwa yananichezea.

Kisha mimi. Nilikuwa nimeandaa ukurasa mzima, lakini niliposimama nilisema hivi tu: "Januari nalisema nitafungua atelier mbele mwaka uishe. Nimefungua na siku tano zimebaki. Somo langu ya mwaka ni moja: chumba tupu haikose mbuzi. Mwenye kuwa na kikwembe, akuye kesho. Kungali kunanuka kidogo."

Vigelegele vilianzia kwa wamama wa kwaya, waliovaa blauzi zao. Pasta Siméon alicheka kuliko wote.

Alhamisi, 1 Januari

Mteja wa kwanza alikuja kabla sijamaliza kufagia. Ni Mama Vagheni, na kikwembe alichopewa na shangazi za Christa. Anataka gauni la mikono mirefu, lisilobana.

Nilimpima karibu na dirisha. Nje, yule wa ndevu alikuwa anakula nguzo ya baraza, mahali mashini ilipokuwa. Christa alikuwa amepita asubuhi kuniuliza kama ile mila ya kitanda ni ya kweli, nikamwambia amuulize mwenyewe. Lakini na mimi nilitaka kujua.

"Mama," nilisema, futi ikiwa begani mwake, "ile mila ya bibi arusi na mahari. Ilianza lini?"

Alifikiri.

"Kila mila iko na siku yake ya kwanza," alisema. "Ile ni vendredi ya kitanda. Usikaze kwa kwapa."

Nilicheka mpaka nikapoteza kipimo, ikabidi nianze upya. Alisimama akangoja, mikono imeinuliwa. Tulipomaliza alijifunga kikwembe chake cha kila siku akatoka. Upepo wa mvua ulikuwa umeanza, nikaenda kufunga mlango nyuma yake.

"Uache wazi," alisema, bila kugeuka.

Nimeuacha wazi. Nimesogeza mashini kidogo, isilowe.